Nyuma ya mbio za punda Lamu kuna zahanati isiyotoza senti

SIKU ya mbio za punda, ukingo wa bahari wa mji wa Lamu haupitiki. Watu hujipanga juu ya kuta, madirishani na ndani ya mashua zilizofungwa gatini ili wapate kuona. Vijana wembamba hupanda punda bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa karibu na kiuno cha mnyama kama ilivyo desturi ya huko, na wakiachiliwa hupita katikati ya umati kwa kelele na vumbi.

Mbio zenyewe huisha upesi. Punda mmoja hutimka kama aliyeona chui, mwingine husimama katikati ya njia asikubali kwenda mbele wala kurudi nyuma, na wa tatu humwaga mpandaji wake mbele ya wageni wa heshima. Mshindi hushangiliwa mtaa mzima. Katika mji ambao watoto wengi hujua kupanda punda kabla ya kujua baiskeli, jina la kushinda mbio hizo si jambo dogo.

Mashindano haya ni sehemu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka, na huonekana pia katika sherehe za Maulidi pamoja na kuogelea na bao. Kwa mtalii ni burudani ya kupiga picha. Lakini kwa mwenye punda, mnyama anayekimbia leo ndiye yule yule aliyebeba simiti jana, na kesho alfajiri atakuwa gatini akisubiri mchanga. Akiumia, mapato ya nyumba yanasimama.

Hapo ndipo linapoingia shirika la hisani la The Donkey Sanctuary kutoka Uingereza, ambalo mwaka 1987 lilifungua zahanati ya punda mjini Lamu. Matibabu yake ni ya bure. Shirika hilo pia huandaa shindano lake lenyewe, ambalo halina kishindo kama mbio, na ambalo zawadi humwendea mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Ukitaka kujua ni nini hasa kinachouendesha mji huu wa kale, shindano hilo la pili lina mafunzo mengi kuliko la kwanza.

Mji usio na njia ya gari

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Eneo lililoorodheshwa ni dogo, takriban hekta 16. Ndani yake zimebanana nyumba za mawe ya matumbawe, misikiti, maduka na ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821. Vichochoro vyake vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hulazimika kujipa upande. Hata Usita wa Mui, ndiyo njia kuu, haukujengwa kwa ajili ya gari.

Kwa miaka mingi kisiwa kizima kilijulikana kwa kuwa na gari moja tu, la mkuu wa wilaya, na hata hilo halikuwa na mahali pengi pa kwenda. Kila kitu kinachoingia Lamu hufika kwa chombo cha baharini, na kutoka gatini hadi mlangoni hubebwa na binadamu au punda. Mchanga, mawe, chokaa, magunia ya unga, kreti za soda, mitungi ya maji, hata takataka za mji, vyote vimepita mgongoni mwa punda. Idadi inayotajwa mara nyingi ni takriban punda 3,000 kisiwani humo pekee.

Watu huzungumza sana juu ya urithi wa Lamu kwa kutaja milango ya nakshi na kuta nene. Ni nadra kutajwa kwamba kuta hizo hazikarabatiki bila punda. Nyumba ya matumbawe huhitaji kupigwa chokaa upya, boriti za mikoko kubadilishwa, dari kurekebishwa, na kila gunia la kazi hiyo lazima lipenye vichochoro. Msanifu anaweza kuchora, fundi anaweza kujenga, lakini bila mnyama wa kubeba, ukarabati wa nyumba moja ungechukua muda na vibarua wengi kupita kiasi, na wenye nyumba wengi wangeamua kuziacha zianguke.

Vifaa vya kazi ni vichache. Kwa mchanga na mawe hutumika shogi, ule mfuko mkubwa wa mkeka unaolazwa mgongoni ukaning'inia pande mbili. Chini yake huwekwa kitambaa au gunia la kuzuia mchubuko. Kamba moja, kijana mmoja wa kuswaga, na biashara imeanza. Huhitaji leseni ya udereva wala mafuta, na mtaji wake, yaani punda, hujizalia mwingine usipomuua kwa kazi.

Mwanamke wa hoteli aliyeachiwa punda 204

Mwanzilishi wa The Donkey Sanctuary, Elisabeth Svendsen, hakuwa mfugaji wala daktari wa mifugo. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa na hoteli katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Alianzisha shirika hilo mwaka 1969, baada ya kuanza kununua punda waliokuwa wakiteswa au kutelekezwa. Mwaka 1974, mama mmoja aliyekuwa na makao kama hayo alifariki dunia na katika wosia wake akamwachia punda 204 kwa mkupuo. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alitafuta mashamba.

Mbali na kuwapa punda makao, Svendsen alikuwa na wazo la pili, kwamba mnyama huyu mpole anaweza kuwafaa watoto wenye ulemavu. Mwaka 1978 kilifunguliwa huko Sidmouth kituo chenye ukumbi wa ndani ambapo watoto hao walipelekwa kupanda punda, kujifunza kujimudu na kujenga mwili. Punda huchaguliwa kwa kazi hiyo kwa kuwa hakurupuki ovyo kama farasi. Akishtuka, kwa kawaida husimama kwanza na kutafakari. Watu huuita ukaidi, lakini mtoto asiyeweza kushika hatamu kwa nguvu huona ni neema.

Svendsen aliitembelea Lamu miaka ya 1980, akaona hali ya punda wa huko, na zahanati ikafunguliwa mwaka 1987 karibu na bahari. Alifariki dunia mwaka 2011.

Kinachostahili kuangaliwa na mfugaji ni kazi inayofanyika mle ndani. Wagonjwa wengi ni wa aina zile zile. Kwanza ni vidonda vya mgongoni na mbavuni vinavyotokana na mzigo uliofungwa vibaya, kamba inayokata ngozi au shogi lisilo na kitambaa cha kutosha. Kisha ni kwato zilizorefuka au kupasuka, minyoo, macho, na majeraha ya kupigwa au kung'atwa na wenzake. Kwa ajili ya minyoo, wahudumu hawasubiri punda aletwe, bali huzunguka na dawa hadi vijiji na visiwa vya jirani.

Halafu kuna ugonjwa wa mjini, nao ni plastiki. Punda wengi wa Lamu, wakimaliza kazi, huachiliwa wajitafutie chakula. Hupita majalalani na kula maganda, mabaki ya mboga, na mfuko uliofungia mabaki hayo. Plastiki haisagiki. Hujikusanya tumboni hadi mnyama anapata msokoto wa tumbo, na mara nyingi mwenyewe hagundui mpaka punda amelala chini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, hatua iliyopunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa karatasi za kufungia bidhaa na takataka zinazoletwa na bahari bado zipo.

Na kuna pepopunda. Lugha yetu iliupa ugonjwa huo jina la mnyama huyu muda mrefu kabla ya maabara kueleza lolote, na haikukosea. Farasi na punda huathiriwa kwa urahisi sana na sumu ya vijidudu vya ugonjwa huo, ambavyo hukaa udongoni na kuingia kupitia jeraha. Jeraha dogo la ukwato linaweza kumwondoa punda mwenye miaka mingi ya kazi mbele yake. Chanjo ipo, ingawa ni wafugaji wachache wa punda nchini wanaojua kuiulizia.

Hesabu ya kidonda kimoja

Wapo wanaouliza kwa nini matibabu yawe ya bure, ilhali punda ni mali ya mtu na humwingizia pesa. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa humlipa daktari, kwa nini mwenye punda asilipe?

Chukua mfano wa mtu mwenye punda wanne wa kubeba mchanga. Mmoja akipata kidonda cha mgongo na kupumzishwa wiki mbili, mwenyewe amepoteza robo ya nguvu zake za kazi kwa muda huo, na bado punda huyo anakula. Akilazimika pia kulipia dawa, kishawishi ni kumfunika kidonda kwa gunia na kumrudisha kazini, kwa ule msemo wa punda afe mzigo ufike. Kidonda cha wiki mbili huwa cha miezi miwili, na pengine punda hufa kweli. Matibabu ya bure hayamlipi mwenye punda siku alizopoteza, lakini yanaondoa ile sababu ya pili ya kuficha jeraha.

Kwa hivyo zahanati ile, hata kama haikukusudiwa hivyo, ni ruzuku kwa biashara ya ujenzi na uchukuzi ya mji mzima. Mchangiaji wa Uingereza anayetuma pauni chache kwa huruma ya mnyama amechangia pia bei ya kufikisha tripu ya mchanga Mkunguni, mbele ya ngome.

Ubaya wa ruzuku yoyote ni kwamba humzoeza mtu. Mwenye punda anaweza kusema: nitamtumikisha nitakavyo, akiumia watamtibu. Shindano la punda aliyetunzwa vizuri linajibu hilo vizuri kuliko mahubiri yoyote. Waamuzi hutazama mgongo, kwato, unene, na kama mnyama anamwogopa mtu. Punda mwenye makovu mapya hawezi kushinda, hata awe na mbio kiasi gani. Watu wa Lamu wanapenda ushindani, uwe wa mashairi au wa tanga, na hakuna anayetaka punda wake atazamwe hadharani akiwa na mbavu za kuhesabika. Aibu ya mtaani hufanya kazi ambayo faini isingeifanya.

Shirika hilo lina kipimo kimoja ambacho kila mwenye punda angefaa kukikariri. Kwa kupandwa, linashauri mtu asizidi kilo 50 hivi. Ndiyo maana mbio za Lamu ni za vijana wepesi, wala mzee mwenye kitambi hahitaji kuona haya akikatazwa. Sasa kumbuka kwamba mfuko wa simiti Kenya ni kilo 50. Mfuko mmoja, punda mmoja. Ukitembea karibu na gati lolote la visiwa hivi utaona kwamba wengi hupakia miwili, mmoja kila upande, ili mzigo usipinde. Mizani inakuwa sawa, lakini mgongo unalipa.

Farasi wa piramidi waliobaki na njaa

Lamu si mahali pekee ambapo mnyama wa kupandwa, mji wa kale na shirika la hisani vimekutana. Mfano wa karibu zaidi upo Misri, na unafaa kutazamwa kwa sababu mambo yalikwenda tofauti.

Mwaka 1930 Mwingereza Dorothy Brooke alifika Cairo akifuatana na mumewe aliyekuwa afisa wa jeshi. Aliwakuta farasi wazee waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia kisha wakauzwa na jeshi, wakivuta mikokoteni mitaani wakiwa mifupa mitupu. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti moja la London kuomba msaada. Michango ilimiminika, naye akanunua farasi wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wamechoka mno kiasi kwamba jema pekee lililowezekana lilikuwa kuwapumzisha kwa amani. Mwaka 1934 ilifunguliwa hospitali ya wanyama jijini Cairo, na shirika lililotokana nayo, Brooke, leo linafanya kazi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Sasa tazama piramidi za Giza. Familia nyingi za kijiji cha Nazlet el-Samman, kilicho chini ya piramidi hizo, ziliishi kwa kukodisha farasi na ngamia kwa watalii. Biashara ilikuwa nzuri. Mwaka 2010 Misri ilipokea wageni milioni 14.7. Januari 2011 mapinduzi yalianza, na Februari 2 wapanda farasi na ngamia, wengi wakitoka kijiji hicho, waliwavamia waandamanaji katika Uwanja wa Tahrir. Mwaka huo wageni walishuka hadi milioni 9.8, na kwa miezi kadhaa Giza ilikuwa kimya. Farasi hawakujua habari za mapinduzi, waliendelea kuhitaji chakula kila siku, na wenyewe hawakuwa na pesa. Mashirika ya hisani yalilazimika kugawa lishe na dawa ili kuwanusuru.

Lamu nayo imepata misukosuko yake. Septemba na Oktoba mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda. Juni 2014 kulitokea mauaji ya Mpeketoni, na mwezi uliofuata kaunti ikawekewa marufuku ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020 likaja janga la korona. Kila mara serikali za kigeni ziliwaonya raia wao wasiende, hoteli zikafungwa na wahudumu wakarudishwa nyumbani.

Punda, hata hivyo, walikuwa na kazi. Pungufu, kwa kuwa wenye hoteli waliacha kujenga, lakini kazi. Watu wa mji bado walihitaji maji, unga na mchanga. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Farasi wa Giza anamtegemea mgeni, na punda wa Lamu anamtegemea jirani. Mbio na kupanda kwa kujifurahisha vinakuja juu ya kazi ambayo ingekuwepo hata kama hakuna ndege hata moja inayotua Manda.

Kaunti zinazofikiria kuvutia wageni kwa safari za farasi, punda au ngamia kwenye magofu na ngome zao zinafaa kupima jambo hili kabla ya kununua mnyama wa kwanza. Mnyama asiye na kazi nyingine ila kumbeba mgeni ni deni linalokula kila siku.

Bei ya ngozi

Hatari iliyomkaribia punda wa Kenya katika miaka ya karibuni haikutokana na mzigo wala maradhi. Ilitoka sokoni.

China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, ambayo hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Punda wa huko walipopungua, wanunuzi waliigeukia Afrika. Kenya iliruhusu punda achinjwe kama mnyama wa nyama mwaka 2012, na kuanzia mwaka 2016 machinjio yakaanza kazi, hadi yakafika manne, yakiwemo ya Naivasha, Mogotio na Machakos. Wafugaji wengi walishangilia mwanzoni, kwa sababu bei ya punda ilipanda ghafla.

Utafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO, uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977 katika machinjio hayo. Kiwango cha kuchinja kilikuwa mara kadhaa zaidi ya kile cha kuzaliana, na watafiti walionya kwamba mwendo huo ungewamaliza punda wa Kenya kufikia mwaka 2023. Sensa nazo zinaeleza jambo lile lile. Mwaka 2009 walihesabiwa punda wapatao milioni 1.8. Mwaka 2019 walikuwa wamebaki takriban milioni 1.2.

Sababu ni ya kimaumbile. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, pengine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kupewa mzigo wa maana kabla ya kufikisha miaka mitatu au minne. Nguruwe unaweza kumchinja na mwaka ujao ukawa na wengine kumi. Kwa punda hesabu hiyo haipo. Bei ilipopanda, wezi nao wakaamka. Watu wa Naivasha, Nakuru, Narok na kwingineko waliamka asubuhi na kukuta punda wao wamechunwa vichakani, nyama imetupwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni alijikuta akiyabeba mgongoni.

Februari 2020, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu iliitengua amri yake. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote, na muda uliotajwa ni miaka 15.

Kisiwani Lamu wizi wa namna hiyo ni mgumu zaidi, kwa kuwa punda aliyeibwa hawezi kuvushwa bila chombo, na chombo hakifichiki. Lakini bei haihitaji jahazi ili ivuke bahari. Punda wa bara wakiadimika, mwenye punda wa kisiwani anayetaka kununua wa pili hulipa zaidi, na mwenye shida ya karo huvutiwa kumuuza aliye naye. Ni hapo zahanati ya bure inapoonyesha thamani nyingine: kila punda anayeponywa ni punda asiyehitaji kununuliwa upya.

Pikipiki mlangoni

Mshindani wa sasa ana magurudumu mawili. Pikipiki zimeingia kisiwani, zikibeba abiria kati ya mji, Shela na vijiji vya ndani. Vijana wanazipenda kwa sababu tripu moja ya pikipiki huisha kabla punda hajafungwa shogi. Serikali ya kaunti imewahi kutoa amri ya kuzizuia zisiingie ndani ya Mji Mkongwe, kwa hoja kwamba kelele, ajali za vichochoroni na mtikiso vinaharibu sifa iliyoupa mji nafasi katika orodha ya UNESCO. Nayo bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 upande wa bara, imeleta barabara na matumaini ya ajira ambazo hazihusiani na mnyama yeyote.

Si haki kumtaka kijana wa Lamu abaki na punda ili mgeni apate picha nzuri. Akiona pikipiki inamlipa zaidi, atainunua, na amri za kaunti zitamchelewesha tu. Swali la maana zaidi ni kama punda bado anashinda pale anapofaa, na jibu ni ndiyo, kwa mzigo mzito ndani ya kichochoro chenye ngazi. Hapo pikipiki haifiki, na wilbaro huchosha. Ila ushindi huo unategemea punda mwenye afya. Punda mgonjwa hushindwa hata na wilbaro.

Kwa mfugaji wa popote nchini anayemtegemea punda, mambo yanayotiliwa mkazo na madaktari wa mifugo hayahitaji pesa nyingi. Ampe maji safi mara kadhaa kwa siku, kwani punda akiwa na kiu huendelea kufanya kazi bila kuonyesha. Kwato zikaguliwe kila siku na zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane kwa wanaotembea penye mchanga laini, ambao hauzisagi. Dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa daktari. Kamba ya nailoni isigusane na ngozi. Asiachiwe kuzurura majalalani usiku. Aidha, mwenye punda ajifunze kumtazama, maana mnyama huyu huficha maumivu. Akiinamisha kichwa na kukataa chakula, tayari hali ni mbaya. Punda anayetunzwa hivi anaweza kufikisha miaka 25 na zaidi, wakati wengi wa mizigo hufa kabla ya nusu ya umri huo.

Anayetaka kuona mbio zenyewe afuate kalenda mbili. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi mwandamo, hivyo tarehe yake hurudi nyuma kwa siku kumi hivi kila mwaka. Tamasha la utamaduni hutangazwa na kaunti, kwa kawaida likiwa karibu na Novemba. Mahali pazuri pa kusimama ni juu ya ukuta, mbali na njia, kwa sababu punda wa Lamu akishapata kasi hana breki.